Daraja Nililomdanganyia Mama

Siku nilipomdanganya mama kwa mara ya kwanza nilikuwa na pini mdomoni. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mteja, bwana mmoja mpenda mashindano ya farasi kule Turffontein, nampunguzia suruali ya suti, simu ikalia mara moja ikakata. Bip ya nyumbani Tanga. Nikatema pini kiganjani, nikamwomba yule bwana asitikisike, nikasogea mlangoni na kupiga.

"Umefika?" mama akauliza. Salamu hakuna. Miezi miwili alikuwa hajasikia sauti yangu.

Niliondoka nyumbani nikimwambia nakwenda Italia. Johannesburg ilikuwa ya kupita tu, wiki mbili, kuna mtu angenitengenezea safari iliyobaki. Mtu huyo akayeyuka, na mimi nikabaki La Rochelle, mtaa wa hukohuko Johannesburg, chumba cha uani nyumbani kwa Mreno mmoja, na kazi ya cherehani kwenye duka la mzee wa Kiitaliano. Kusema kweli hakukuwa na aibu yoyote. Nusu ya watu wa Tanga niliowakuta kule walikuwa wamekusudia kwenda kwingine. Lakini mama alikuwa ameshanisomea dua, ameshagawa maandazi mtaani, ameshawatangazia majirani kwamba mwanawe yuko Ulaya. Nikainua macho. Ukutani, juu ya meza ya pasi, mzee alikuwa ametundika picha kubwa ya bandari ya kwao, ina ngome ya mawe na daraja la chuma.

"Nimefika, mama."

"Mji gani?"

"Taranto," nikasema, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa chini ya picha.

Akapiga kigelegele, wallahi, hadi mteja wangu akageuka. Nikarudi kupiga magoti nikamalizia lile pindo, na pindo lenyewe nikalikosea.

Nilijiambia nitamrekebishia Ijumaa ijayo. Ijumaa ikafika, mama akauliza, "Haya, nieleze, mji wenyewe ukoje?" Nikamweleza. Astaghfirullah, nilieleza kwa raha! Wiki nzima nilikuwa nimemchokonoa mzee kwa maswali, naye alikuwa anangoja kuulizwa. Watoto wake wako Midrand, kwenye zile nyumba za nyuma ya geti, na habari za Taranto hawazitaki hata kidogo. "Wewe peke yako ndiye unayeniuliza," aliniambia, akanishika bega. Akaanza kunifundisha mji wake tukiwa tunashona, yeye bitana, mimi vifungo, na kila alichonifundisha nilikipeleka Tanga Ijumaa baada ya sala.

Nilimwambia mama kwamba mji wa kale umekaa kisiwani, kati ya bahari kubwa na bahari ndogo. Kwamba kwenye bahari ndogo wanafuga kome kwenye kamba, na chini yake zinabubujika chemchemi za maji matamu katikati ya chumvi. "Subhanallah," akasema. Nilimwambia zimebaki nguzo mbili za hekalu la kale, nene hazikumbatiki, zimesimama peke yake katikati ya mji. Mama akacheka. "Umekwenda kote huko kutazama magofu mengine kama ya Tongoni? Si ungepanda baiskeli tu."

Siku moja akataka kujua nani aliujenga. Mzee alikuwa ameshanieleza: Wayunani wa zamani walikwenda vitani miaka na miaka, huku nyuma wanawake wao wakazaa, na vita vilipokwisha watoto wale wakaonekana aibu. Hawakupewa shamba wala heshima. Wakapewa merikebu, wakaambiwa waende wakatafute kwao. Ndio walioanzisha Taranto.

Mama akauliza, "Na mama zao? Walikwenda kuwaaga?"

Nilimuuliza mzee. Akaweka mkasi chini, akafikiri, akasema historia haikuandika hilo. Mama alipopata jibu akasema basi walioandika walikuwa wanaume.

Alikuwa hasahau kitu, mama yangu. Hakusoma shule, lakini baada ya mwaka mmoja angeweza kukutembeza Taranto toka ngomeni hadi kanisa kuu bila kupotea. Jioni wanawake wa mtaani walikuja kukaa ukumbini kwake, na yeye akawahadithia. Nilisikia kwa masikio yangu, siku moja simu ikiwa wazi, akimsahihisha jirani: "Si daraja la kuinuka, bibi we, ni la kugeuka!"

Uongo nao una kazi yake, na si kazi ndogo. Majira yalinitesa. Mwezi wa saba wa kwanza, La Rochelle ilikuwa baridi hata maji ya bomba yakaganda asubuhi, nami nikamlalamikia mama meno yanagongana. Wiki hiyohiyo mzee akasimulia kwamba Julai ya kwao watu wanalala madirisha wazi kwa joto. Nikaruka. Nikamwambia mama ile baridi ilikuwa homa. Akanisomea Yasini siku saba kwa homa nisiyokuwa nayo, na binti wa jirani akaniambia mama alifunga siku tatu pia. Nilikula vizuri tu siku hizo.

Tangu hapo nikajifunza kuishi majira mawili. Desemba, jasho linanitoka, mvua ya radi inapiga mabati mpaka sisikii simu, nasema, "Nimevaa koti, mama, usijali."

Mwenye duka la kusuka nywele mlango wa pili, mama wa Kikongo kutoka Lubumbashi, alinisikia. Akatoka na kitana mkononi, akanitazama juu mpaka chini. "Ndugu, koti gani? Na hii jua?" Nikamwambia ni mambo ya nyumbani. Akatikisa kichwa. "Mama habamudanganyake." Kwa Kiswahili cha kwao maana yake mama hadanganywi, huo si utaratibu. Nilimjibu jeuri. Nilimwambia asuke nywele zake aniache na mama yangu.

Sasa lile daraja. Mzee alilipenda kuliko kitu chochote cha kwao. Limekatwa katikati. Meli kubwa ikitaka kuingia bahari ndogo, kila nusu inageuka na kulala upande wake, na mji unabaki vipande viwili. Watu husimama ng'ambo hii na ng'ambo ile wakipungiana mikono, hawawezi kuvuka mpaka meli ipite. Mama alilipenda vilevile. Na mimi nikaligeuza kuwa kisingizio.

Ikiwa Ijumaa nimepitiwa na usingizi, au nimekwenda kutazama mpira, au sina hamu tu (ndiyo, zilikuwepo siku sikuwa na hamu ya kuongea na mama yangu, angalau hapa niseme kweli), nilimpigia kesho yake na kusema, "Daraja lilifunguliwa, mama. Simu niliiacha chumbani, na chumba kiko ng'ambo."

"Meli ya vita?"

"Meli ya vita."

"Pole, mwanangu. Ulikula lakini?"

Baadaye mzee akaniambia siku hizi daraja lenyewe halifunguki ovyo, kwa nadra tu, tena mara nyingi watu wamelala. Kwa mama lilikuwa linafunguka kila baada ya wiki mbili. Njia ya mwongo fupi, wanasema. Yangu ilichukua miaka sita, na kila mwaka ilizidi kuwa ngumu kugeuka nirudi.

Mwaka wa sita mama akaanguka akifua. Dada yangu, mkubwa wangu, aliyeolewa Pangani, akahamia kwake kumwuguza. Akanipigia Jumatano. Hakuzunguka. "Ini," akasema. "Daktari ametwambia tumkalie karibu. Fanya uje."

Nilimweleza mzee. Hata sikumaliza. "Nenda," akasema. "Cherehani haina haraka." Alidhani nimesimama pale nangoja ruhusa. Pasipoti yangu ilikuwa hai. Kutoka La Rochelle mpaka stesheni ya mabasi ni mwendo wa teksi moja na roboti chache, ndivyo kule wanavyoita taa za barabarani, na zote zingekuwa nyekundu bado ni nusu saa. Basi linakatiza Zimbabwe na Zambia, siku nne uko nyumbani. Sikuzuiwa na serikali, wala tajiri, wala bahari. Nilizuiwa na vile wanawake wa ukumbini wangenitazama nikishuka kwenye basi. Ndivyo nilivyokuwa, na sina lugha nzuri zaidi ya kujisemea.

Nikasema nitampigia Ijumaa kwanza, nimwambie kweli, halafu nipande basi. Nilifanya mazoezi mbele ya picha. Mama, mimi siko Italia. Maneno manne tu.

Ijumaa dada akamwekea simu sikioni. Sauti ilikuwa imekwisha, naisikia pumzi zaidi kuliko maneno.

"Mama," nikaanza.

"Usiseme kitu. Najua unataka kuja. Usijitese, mwanangu. Italia mbali. Ungekuwa hapa nami kama ingekuwa karibu, nalijua hilo." Akapumzika. "Nimekuwia radhi. Duniani na akhera, mimi radhi nawe. Umesikia?"

Wenye mama wanajua uzito wa neno hilo. Kuna watu wamevuka mito iliyofurika kulitafuta. Mimi nimeletewa mlangoni, nikiwa na futi ya kupimia shingoni.

"Una neno?" akauliza.

Nilikuwa nalo. Lilikuwa kwenye ulimi kabisa. Lakini nikawaza: nikilisema sasa, atairudisha ile radhi? Nikaona bora niishike hivyohivyo, kama mtu aliyeokota pochi na mwenyewe hajageuka.

"Sina, mama. Naona daraja linafunguliwa tu hapa."

"Haya," akasema, na nilisikia akitabasamu. "Ngoja lifungwe. Usivuke kwa haraka."

Basi la Jumamosi likaondoka bila mimi. Nilijiambia: nimepewa radhi, ya nini tena kumwumiza mgonjwa? Kumbe radhi ile haikuwa yangu. Alipewa kijana mmoja anayeishi Taranto, anayempenda mama yake na amezuiwa na maji. Kijana huyo hayupo. Mimi niliipokea kwa niaba yake nikaiweka mfukoni.

Alhamisi asubuhi dada akapiga akilia. Walimzika siku hiyohiyo baada ya alasiri. Mzee alipoona uso wangu alifunga duka, akavua futi yake shingoni, akasimama kando yangu. Mama wa Lubumbashi akaleta chai. Hakusema niliyostahili kuambiwa, na ilikuwa afadhali angesema.

Dada alinieleza siku za mwisho kwa simu. Wanawake walikuwa wanaingia na kutoka, na mmoja, mdomo mrefu, akauliza kwa sauti mtoto wa kiume yuko wapi mama yake akiwa hivi. Mama alikuwa amefumba macho, walidhani amelala. Akasema, "Mwacheni mwanangu. Daraja limefunguliwa. Likifungwa atavuka." Hakusema tena la maana baada ya hapo.

Nikakata tiketi ya kuwahi arobaini ya mama. Siku nne barabarani, miguu imevimba, nikashuka Tanga asubuhi. Dada alikuja kunipokea stendi. Tulilia pale kati ya mizigo mpaka makuli wakatupisha. Kisha akainama kuchukua begi langu, akaona kijikaratasi cha basi kilichofungwa mkononi mwa begi. Dada anajua kusoma. Akakisoma, akakisoma tena.

"Johannesburg?"

Nikamwambia yote palepale, tumekaa juu ya begi: duka, picha, mzee, homa, koti, daraja. Sikupamba. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja.

"Njiani umetumia siku ngapi?"

"Nne."

Akahesabu kwa vidole, polepole, tangu Ijumaa ile. "Mama alikaa sita," akasema.

Tukaondoka stendi. Alichana kile kijikaratasi vipande vidogo akavibana kiganjani. Tulipofika nyumbani wanawake walikuwa wameshakusanyika ukumbini kwa ajili ya kisomo, wakainuka wote kunipa pole. Yule wa mdomo mrefu alikuwa wa kwanza kunishika mkono, anatokwa na machozi ya kweli. "Karibu, baba. Mama yako alikuwa anatutembeza huko kwenu kila jioni. Kwa hiyo lile daraja limefungwa sasa?"

Nilifungua mdomo. Dada yangu, ambaye tangu utoto alikuwa anachapwa kwa makosa yangu kwa sababu hakuweza kudanganya, akajibu kabla yangu.

"Limefungwa," akasema, kiganja amekikunja. "Ndiyo maana amevuka."