Kompyuta Imesema Nini?

Mwaka ule wa tasnifu nilichoka, uchovu ule wa mifupa ambao usingizi hauutibu. Chumba chetu cha kompyuta kilikuwa ghorofa ya juu katikati ya jiji, na stima ilipenda kupotea pale hesabu ya kompyuta ilipokaribia kuisha. Unaanza upya. Nilikuwa nikiigiza kwa kompyuta mwendo wa damu katika mshipa wa shingo uliobanwa, na mshipa wenyewe ulikuwa wa baba yangu. Vipimo nilivitoa kwenye picha alizopigwa hospitalini baada ya kiharusi kumwachia mkono mzito.

Basi mzee akajiamulia. Daktari alitaka kumpasua haraka, yeye akakataa katakata. "Ngojeni kwanza kompyuta ya huyu kijana iseme," akawaambia watu wa kanisa waliokuja nyumbani kwetu Woodley kumwona. Nao, baada ya chai, wakaiombea kompyuta. Nilifumba macho pamoja nao nikitamani sakafu inimeze.

Kompyuta haisemi mpaka uiambie damu ina uzito gani. Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, damu ni kama maji, mnato wake, yaani uzito wa kutiririka, haubadiliki. Ya pili, damu ni kama uji: ukiukoroga unalainika, ukiuacha unakuwa mzito. Kwa njia ya kwanza damu ya mzee ilipita pale penye kubanwa bila taabu kubwa. Kwa ya pili ilizubaa nyuma ya pale, na damu inayozubaa huganda. Msimamizi wangu, aliyeteremka kutoka kwake Spring Valley, mtaa wa wenye nacho, akiwa na haraka zake, alisema, "Chagua moja, itetee, umalize." Kwake ilikuwa sura ya tatu ya tasnifu tu. Tena namba za ule uji zilitoka kwa damu ya watu wa ng'ambo. Ya mzee hakuna aliyewahi kuipima.

Jumapili moja nikamkuta mzee barazani.

"Imesema nini?"

"Mzee, haijui damu yako. Nikichagua hivi, inasema uko sawa. Nikichagua vile, inasema uko hatarini."

Nilidhani atanifokea. Akausugua ule mkono mzito.

"Kumbe inabahatisha?"

"Inabahatisha."

"Na daktari?"

"Hata yeye, kidogo."

"Sasa si afadhali yeye? Yeye ameniona."

Nilikasirika, nakumbuka vizuri. Miezi yote ile ya kukodolea skrini macho, na neno moja tu la barazani limemaliza kazi! Hasira ikaisha upesi, sikuwa na nguvu ya kuibeba.

Jumatatu asubuhi, tukijiandaa kwenda hospitalini akapasuliwe, nilipiga magoti kumfunga kamba za viatu, maana mkono ule haukuweza. Fundo likanishinda mara mbili. Nilikuwa naogopa sana. Mzee alikuwa anapiga mluzi.