Kadi Chini ya Dele

Muuza kompyuta wa mji wa Ibra hajibu swali mpaka amimine kahawa. Kujibu kwamshinda, kumimina hodari. Mazoon, mtunza seva ya chuo, alifika dukani kwake kutafuta kadi ya mtandao ambayo mfumo wa Linux utaitambua, maana siku ya tatu chuo kizima hakina mtandao.

"Chipu yake ipi?" akauliza alipoonyeshwa boksi la kadi mpya.

Muuzaji akalipangusa boksi kwa mkono wa kanzu, kama kawaida yake. "Wallahi, bibie, hii inakubali kila kitu. Tazama inavyong'aa!" Akamimina tena.

Mazoon akakitikisa kikombe kuonyesha ametosheka, akakirudisha. Ndipo alipoiona kadi kuukuu iliyotandikwa chini ya dele la kahawa ya moto, na chipu yake ndiyo hasa aliyoitaka.

"Niuzie hiyo."

Muuzaji akalikumbatia dele. "Hiyo? Meza yangu iungue?"