Chumba cha Mapipa

Mwezi uliopita nilikwenda Agincourt, mtaa wa hapa Toronto, kutafuta unga wa muhogo. Nje ya duka la jirani nikakuta masanduku ya mbao yamepangwa hadi kimo cha mtu, yote yamejaa zabibu nyeusi, na nyigu wanazunguka juu yake. Baadhi zilikuwa zimepasuka na maji yake yanachuruzika kwenye saruji. Harufu ile ilinifikia. Mtu mzima mimi, mama wa watoto wawili, nikashika ukuta. Wewe nikikuambia kwamba naogopa zabibu hutanicheka, kwa hiyo kaa nikueleze.

Nilikuwa na miaka tisa. Ilikuwa miaka ya tisini, mwaka wetu wa pili Toronto, na tuliishi wawili tu, mama na mimi, katika jengo moja refu la Flemingdon Park. Tulitoka Uvira, mji wetu wa kando ya ziwa, vita vilipoingia. Karatasi zetu zilikuwa bado zinaangaliwa na watu wa uhamiaji, na kila bahasha iliyoingia kwenye sanduku letu la barua ilimtoa mama jasho kabla hajaifungua. Mimi niliogopa kwa sababu yeye aliogopa. Niliogopa lifti, niliogopa king'ora, niliogopa mlango ukigongwa.

Mama akapata kazi ya kumtunza bibi mmoja Mjerumani aliyevunjika nyonga. Kampuni ilimchagua kwa ajili ya Kifaransa chake. Bibi alikuwa na Kifaransa cha kuokoteza, alichojifunza kwa askari wa Kifaransa waliokaa kijijini kwao baada ya vita vikuu vya pili, na akichoka, Kiingereza chote kilimtoka kichwani. Kwenda na mtoto kazini ilikuwa marufuku. Lakini Jumamosi mama hakuwa na mtu wa kuniachia, basi alinichukua, na kila tuliposhuka kwenye basi alinishika kidevu.

"Mtu akiuliza, wewe hukufika hapa. Umenisikia, mama?" Kwetu binti huitwa mama.

"Nimesikia, mama."

"Wakijua, nafukuzwa kazi. Nikifukuzwa, sijui watatuandika vipi kwenye zile karatasi."

Bibi mwenyewe alikuwa mrefu, mifupa mitupu, macho ya buluu yasiyopepesa. Siku ya kwanza nilijificha nyuma ya koti la mama. Hakunibembeleza. Alinipa kisu kidogo na beseni la viazi, akanionyesha kiti. Jikoni mwake mlinukia siki na vitunguu vilivyokaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na redio ndogo ilipiga kinanda cha kanisani kutwa nzima. Pale mezani, mimi namenya, mama anapiga pasi, bibi alisimulia kwao, na mama akakigeuza Kifaransa kile kibovu kuwa Kiswahili bila kuinua macho kwenye nguo.

Kijiji chao kilikaa kwenye kona ya mto. Nyumba zilibanana chini, mizabibu ikapanda mlimani mpaka juu. Mlima wenyewe ulisimama wima, mvua ikinyesha udongo uliporomoka, na watu waliubeba kwa vikapu mgongoni kuurudisha juu. Walifanya hivyo tangu zama za mababu wa mababu zake. "Kama kule milimani juu ya Uvira," mama alisema, akacheka kidogo, jambo ambalo siku hizo lilikuwa nadra. Ardhi ilikuwa ya mawe meusi membamba kama sahani, mchana yanashiba jua, usiku yanaipa mizabibu joto. Wakati wa baridi wanaume walikata matawi, na wanawake wakayafunga kwenye vigingi kwa fito laini, vidole vimekufa ganzi. Wakati wa mavuno shule ilifungwa. Hakuna aliyeingia shambani kabla ya kengele ya kanisa kulia, na aliyeingia aliitwa mwizi hata kama shamba ni lake. Mchana walikula supu ya maharage huko huko mtelemkoni, sufuria imewekewa mawe isibingirike. Mto nao ulipofurika uliingia majumbani, na kila nyumba ilikuwa na alama ukutani za mahali maji yalipofika.

Halafu alisimulia vita. Ndege zilikuja kupiga daraja, na kijiji kizima kikaingia katika handaki la mvinyo lililochimbwa mlimani. Walikaa humo siku nyingi, wazee kwa watoto, katikati ya mapipa. Aliyelia alizibwa mdomo. Mama alipofika hapo aliacha kutafsiri, lakini sikuhitaji. Nasi tulikuwa tumekaa hivyo, katika stoo ya samaki, watu hamsini tunapumua polepole ili walio nje wasitusikie.

Jambo moja bibi alilirudia mara nyingi, kidole juu. Maji ya zabibu yakiwa yanachacha hutoa hewa mbaya. Huioni, huinusi. Ni nzito, inakaa chini kama maji kwenye kisima. Kwa hiyo kwao mtu alishuka na mshumaa, ameushika chini usawa wa goti. Moto ukizimika, unageuka papo hapo, huulizi.

Mume wake, aliyekuwa ameshafariki, aliwahi kujenga chumba cha mvinyo kama vya kwao, chini ya jikoni. Kuta za zege, hakuna dirisha. Ngazi zilishuka kutoka jikoni, na usawa wa sakafu palikuwa na bomba lililotokea nyuma ya nyumba, ambako bustani iliteremka, ili hewa ile itoke yenyewe. Vuli ile bibi alitaka kutengeneza mvinyo mara moja tu tena kabla hajafa. Jirani mmoja akaleta zabibu kwa gari lake, masanduku kama yale ya Agincourt. Mama alikuwa mlokole, hajawahi kuonja hata bia. Alisimama mbele ya beseni, akafumba macho, akasema, "Bwana, unajua sinywi," kisha akatumbukiza mikono. Tuliponda kutwa nzima, tukajaza mapipa mle chini. Nilikuwa mwekundu mpaka viwikoni, na nakiri kwamba siku hiyo nilifurahi.

Wiki iliyofuata mapipa yakaanza kusema.

Yalikuwa matatu, na sauti yake ilipita kwenye mbao za sakafu ya jikoni, chini ya miguu yangu. Fff, kimya, fff. Ilikuwa sauti ya watu wengi wanaojizuia kupumua. Nilikimbilia bustanini nisiisikie, nako nikaikuta inatoka kwenye bomba, ardhini kabisa. Sikumwambia mtu. Nilivua skafu yangu ya sufu, nikaisokomeza ndani ya bomba, nikaisukuma kwa fimbo mpaka haikuonekana tena. Nikatega sikio. Kimya. Mama aliponiuliza skafu iko wapi, nilisema nimeisahau shuleni.

Jumamosi iliyofuata mvua ilikuwa inanyesha. Tulichelewa basi, na mama aliingia akiwa na haraka. Maganda ya zabibu yalipaswa kusukumwa chini kwenye mapipa kwa mti mrefu. Akauchukua, akafungua mlango wa ngazi.

"Mshumaa!" bibi akaita kutoka kitini.

"Dakika moja tu, Bibi, narudi."

Nilisikia miguu yake inashuka. Nikasikia mti unaanguka kwenye zege. Kisha kitu kizito.

"Mama?"

Nilifika mlangoni nikamwona. Taa ilikuwa inawaka. Alikuwa amelala kifudifudi, kichwa na mkono mmoja kwenye ngazi ya pili kutoka chini, kama mtu aliyejaribu kurudi. Nikainua mguu nishuke, na bibi akanidaka. Sijui aliwezaje na nyonga ile. Alinishika kifuani kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaikingamisha fimbo yake mlangoni.

"Hapana! Hushuki!"

"Mama yangu!"

"Ukishuka mtakuwa wawili! Simu!"

Nilimwuma. Nilimwuma mkononi mpaka nikahisi chumvi ya damu, naye hakuniachia. Alinisukuma upande wa simu, akachukua mwavuli mkubwa mweusi uliokuwa nyuma ya mlango, akaufungua. Akakaa kwenye ngazi ya juu kabisa, akaanza kuuteremsha na kuuinua, kuuteremsha na kuuinua, kama mtu anayeteka maji kisimani. Nilidhani amerukwa na akili; kumbe alikuwa anaiteka ile hewa mbaya.

Namba ya dharura ilibandikwa ukutani. Nikaipiga, mwanamke akapokea. Kiingereza changu kilikuwa cha maneno machache tu.

"Mama chini," nilisema. "Mama amelala. Haamki."

"Uko naye hapo, mtoto? Wewe uko wapi sasa hivi?"

Nikanyamaza. Wewe hukufika hapa. Nilisikia neno hilo kwa sauti ya mama mwenyewe, na nakuambia ukweli, kwa pumzi moja au mbili nilitaka kukata simu. Nilizitazama bahasha za barua za bibi mezani. Bibi alikuwa anahema na mwavuli wake, juu, chini, juu, chini.

"Niko hapa," nikasema. "Mimi ni mtoto wake. Niko hapa." Nikachukua bahasha, nikamsomea anwani herufi moja moja.

Nilipoweka simu chini ndipo nilipokumbuka skafu.

Nilikimbia mvuani, nikapiga magoti, nikaingiza mkono ndani ya bomba hadi begani. Vidole viliigusa tu. Nilivuta nyuzi, zikakatika. Nilivuta tena. Nililia kwa lugha zote nilizojua. Ilipotoka mwishowe, ilikuwa imelowa na kunuka zabibu, na ving'ora vilikuwa tayari mtaani.

Watu wa zimamoto walishuka na mitungi mgongoni. Walimtoa mama wakamlaza kwenye veranda, uso wake wa rangi ya majivu. Wakamwekea kifuniko cha hewa. Nilihesabu matone yaliyokuwa yakidondoka paani ili nisimtazame. Kisha akakohoa, akatapika, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mtoto yuko wapi?"

Mmoja wao akauliza kwa nini lile bomba halikutoa hewa. Mimi nilikuwa nimesimama na skafu mkononi. Bibi akanitazama. Akaichukua, akamfuta nayo mama mdomo, akaisokomeza kwenye mfuko wa aproni.

"Mimi mzee," alimjibu yule mtu. "Nilisahau kulisafisha."

Mama alilala hospitali siku mbili. Tulipokwenda kumuaga bibi, maana kampuni ilikuwa imemhamishia mama kwa mgonjwa mwingine bila kumfukuza, bibi alinivuta pembeni akakunja mkono wa sweta. Alama za meno yangu zilikuwa bado zimevimba. Akazungumza taratibu, Kifaransa cha kitoto, nami nikaelewa.

"Baba yangu alishuka kwanza. Kaka yangu akamfuata. Mimi mama yangu alinishika. Nilimwuma, hivi hivi." Akaushusha mkono wa sweta. "Sikumsamehe mpaka nilipozeeka. Yeye alikuwa amekufa zamani."

Nilimshika mkono ule kwa mikono yangu miwili mpaka mama akaita kwamba basi linakuja.

Mama nilimwambia kuhusu skafu nikiwa na miaka kumi na saba. Nilitarajia atalia au atanipiga. Aliweka chini mwiko.

"Ulikuwa unasikia nini mle?"

"Watu wanapumua."

"Hata mimi," akasema. "Kila nikishuka nilikuwa nawasikia. Ndiyo maana nilikuwa napenda kumaliza haraka."

Karatasi zilitoka mwaka uliofuata tukio lile, na siku hiyo mama alilala saa kumi na nne mfululizo. Nyumba ya bibi ilibomolewa, wakajenga nyingine ya vioo inayojaza kiwanja chote. Bibi alihamishiwa kwenye nyumba ya wazee na akafia huko, nami nilikuwa katika umri ule ambao mtu huona kuna wakati wa kutosha kutembelea watu. Watoto wangu nikiwasimulia hunijibu kwa Kiingereza, wananiuliza swali moja kisha wanarudi kwenye mambo yao. Siwalaumu.

Majuzi nilifungua ramani ya Ujerumani. Nikaufuata mto ule, ambao jina lake bibi alilitaja mara nyingi, kwa kidole, kona baada ya kona, na kila kona ina kijiji, na kila kijiji kina kanisa na mlima nyuma yake. Nilimpigia mama simu nimwulize cha bibi kilikuwa kipi. Alifikiri sana, akasema hajui. Wala mimi sijui. Bibi hakuwahi kukitaja jina. Alisema tu "kwetu," na sisi, tuliokuwa na kwetu tusikoweza kurudi, hatukumwuliza ni wapi.