Mkono wa Wifi Yangu

Kwa miaka minne nilifundisha watu kuhusu nyoka pale kituo cha kununua majani chai, karibu na Sotik, tukingoja lori la kiwanda. Mimi ni mchumaji kama wao, ila nilikuwa nimepewa mafunzo ya uhudumu wa afya kijijini. Niliwaambia wavae gambuti shambani, wasiingize mkono mahali wasipoona. Mtu akiumwa, wasimfunge kamba, wasimkate, wasinyonye sumu. Atulie, apelekwe hospitali mara moja. Walinisikiliza.

Halafu asubuhi moja wifi yangu, mke wa kaka yangu, aliinama kutoa kuni nyuma ya jikoni, bafe akamuuma mkono wa kulia. Nilipofika, mama yangu alikuwa ameshika kamba ya ng'ombe.

"Nipishe nimfunge, sumu isipande!"

"Hapana, mama."

"Basi tumwite mwenye jiwe jeusi, aivute sumu."

"Jiwe halivuti kitu. Tunaenda hospitali."

Nilimvua pete na bangili kabla mkono haujafura zaidi, nikautegemeza kwa leso usitikisike, tukapanda bodaboda, yeye katikati. Kwenye zahanati, muuguzi aliutazama mkono akatikisa kichwa. "Dawa ya sumu ya nyoka hatuna." Hospitali ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu walikuwa nayo, lakini tulifika jioni, na mkono ulikuwa mweusi hadi kwenye kiwiko. Baada ya wiki mbili waliukata.

Sasa yuko nyumbani. Chai huchumwa kwa mikono miwili. Hukaa mlangoni akitutazama tukienda shambani. Nikimsalimu huitikia, basi.

Mama alinena mara moja tu: "Ungeniacha nimfunge." Nilijua kamba ingeuharibu mkono haraka zaidi. Nilichukua kikapu nikaenda shambani.

Nilijaribu tena kufundisha kituoni. Mama mmoja akaniuliza, bila ubaya, "Na hiyo dawa iko wapi, dada?" Wengine wakageukia magunia yao.

Mwezi uliopita mzee jirani yetu aliumwa mguuni akifyeka nyasi. Walimfunga kamba, wakamchanja kwa wembe, wakambandika jiwe. Ua tu ndio unaotutenganisha, na hakuna aliyeniita. Nilijua nilipoona watu wakibeba viti na hema za matanga kuelekea kwake. Hata wangeniita, sijui ningewaambia wampeleke wapi.