Kiwiko cha Soprano

Kwaya ya kanisa letu pale Free Area, Nakuru, ilinipokea kwa sababu ya urefu wangu. Mwalimu wa kwaya alitaka mtu wa kusimama mwisho wa mstari wa besi ili picha za arusi zipendeze. Sauti yangu aliisikia mara moja tu. Akanivuta kando na kuniambia kwa upole kwamba Mungu huangalia moyo, kwa hiyo niwe nafungua mdomo na kuufunga, maneno yasitoke. Nilitii, ila si sana. Napenda muziki kupita kiasi, na wimbo ukinoga nasahau masharti.

Aliyenidhibiti ni mke wangu. Wakati huo alikuwa msichana wa sauti ya kwanza, yule anayeanzisha nyimbo bila kinanda na kanisa zima linamfuata. Nilijiunga na kwaya kwa ajili yake na kila mtu alilijua hilo, hata mchungaji. Mwisho wa besi ulikutana na mwanzo wa soprano, basi kila sauti yangu ilipoponyoka, kiwiko chake kilinipata mbavuni. Tulipooana kikahamia nyumbani. Nikiimba huku nanyoa ndevu, atapita na sufuria yake, anidunge, aende zake. Hakuwa na hasira hata kidogo. Ilikuwa kama mtu anayefunga geti ili mbuzi wasitoke.

Tunaishi Lanet, karibu na kambi ya jeshi, na asubuhi tarumbeta ya askari hutufikia jikoni. Mke wangu alikuwa na mazoea ya kumsahihisha yule askari. "Leo ameshuka," alikuwa akisema, au, "Huyu ni mgeni, anapuliza kama anafukuza kuku." Asubuhi moja tarumbeta ikakwaruza vibaya hadi mimi mwenyewe nikajua kuna kosa. Nikamtazama. Alikuwa anachuja chai, hana habari.

Baadaye aliacha kwaya. Alisema ni magoti, lakini tulijua ni masikio. Jumapili moja alianzisha wimbo juu mno, waumini wakakauka koo kabla ya ubeti wa pili, naye hakuelewa kwa nini wameacha kuimba. Siku hiyo alikunja sare yake akaiweka chini ya mablanketi. Nami huku nyuma nikawa huru kuimba ndani ya nyumba yangu. Nilifurahi, sikatai. Nilifurahi kama wiki moja hivi. Kisha nikaanza kuimba vibaya makusudi, nimesimama karibu naye kabisa, nikingoja kile kiwiko. Hakikuja. Nilikikosa kuliko ninavyoweza kueleza, mtu mzima mimi, nasimama jikoni kwangu nikiomba kudungwa.

Binti yetu ndiye aliyetulipia vifaa vya kusikia na chumba cha hoteli Nairobi. Daktari alimvalisha asubuhi, kila sikio na chake, vidogo kama punje za maharagwe. Akatuonya wote wawili: masikio yamezoea kimya, kwa hiyo aanze na sauti ndogo. Kijiko kwenye kikombe. Ndege. Mtu mmoja akiongea polepole. Siku za kwanza ndizo zenye kazi, alisema, kwa sababu wengi huvivua wakavitupa kwenye droo wasivitazame tena. Nilitikisa kichwa kwa kila neno, kama mwanafunzi wa mbele.

Halafu nikampeleka kasino.

Ngoja nijitetee. Kasino ilikuwa pale pale chini ya hoteli, na mlangoni kulikuwa na bango la mpiga gita wa mchana. Nikajiambia mke wangu amekosa muziki muda mrefu, na nilitaka mimi ndiye nimrudishie. Daktari alisema sauti ndogo, na gita moja ni sauti ndogo. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nilisomeshwa.

"Mimi mama wa ushirika niingie mahali pa kamari?" mke wangu aliuliza.

"Hatuchezi, mama. Tunasikiza tu."

Mlangoni kila mgeni wa hoteli alipewa kidude kimoja cha plastiki, cha duara, wanachotumia humo badala ya pesa. Tukaingia. Nilikuwa sijawahi kufika mahali kama hapo, na nilidhani wacheza kamari hupiga kelele. Kumbe wao wamekaa kimya, kila mmoja mbele ya mashine yake, kina mama wenye vitambaa vya kichwa kama wetu, na zinazopiga kelele ni mashine. Kila moja inaimba wimbo wake, zote kwa pamoja, na hakuna hata mtu mmoja anayezisikiliza. Nilimgeukia mke wangu. Alikuwa ameziba masikio kwa viganja na uso umemkunjika.

"Vitoe," alisema. "Nirudishie uziwi wangu."

Alivivua mwenyewe, akavifunga kwenye leso, akaitia mkobani. Aliketi kwenye kiti karibu na ukuta, akaangalia zulia. Nilijua leso ile ikifika Lanet itaingia chini ya mablanketi, juu ya sare ya kwaya, na nilijua ni nani atakayekuwa ameiweka huko. Niliona haya.

Mtu akiharibu, hutafuta kitu cha kufanya. Kwenye pembe ya ukumbi mpiga gita alikuwa ameanza kazi, mwanamume wa makamo, peke yake, na anajua anachofanya. Kwetu mtu akikupigia vizuri hukai kitini. Unainuka, unakwenda mbele kwa madaha huku ukicheza, unambandika noti kwenye paji la uso. Basi nikainuka. Nikacheza kutoka ukutani hadi kwake, nikizunguka mashine, mikono juu. Nilipofika ndipo nikakumbuka kwamba pochi iko kwa mke wangu. Mfukoni nilikuwa na kile kidude cha plastiki tu. Nikakilamba kidogo, nikambandika.

Plastiki haishiki jasho. Kilidondoka ndani ya gita na kuanza kulia humo kama njuga.

Mlinzi alikuja. "Mzee, unafanya nini?"

"Namtuza."

Watu waligeuka. Wengine walianza kucheka, na wale kina mama wakaacha mashine zao kwa mara ya kwanza. Mpiga gita mwenyewe alikuwa amefunga macho kwa kicheko, akitikisa gita ili kitoke.

"Mwache, boss," alimwambia mlinzi. "Huyu ni wa kwetu. Mzee, umetoka side gani?"

"Nakuru. Lanet."

"Mimi ni wa Olenguruone, huko huko Nakuru. Sema wimbo."

Nilitaja wimbo wa kanisa, ule mke wangu aliouanzisha siku ya arusi yetu akiwa ndiye bibi arusi, kwa sababu hakumwamini mwingine.

"Hapa siruhusiwi nyimbo za church," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini nikipiga bila maneno, nani atajua?"

Akapiga bila maneno. Maneno niliyatia mimi. Sikukusudia, lakini wimbo ulinoga, na nilikuwa na huzuni, nikatoa sauti yote ambayo mwalimu wa kwaya alinizuia nisiitoe. Ukumbi ulicheka hadi mlinzi akashika ukuta. Nami nikaendelea, macho nimefumba, naelekea ubeti wa pili.

Mke wangu aliniambia baadaye kwamba aliona watu wanakufa kwa kicheko na mimi ndiye niliye mbele, naye hakusikia kinachochekesha. Hilo hakuweza kulivumilia. Akafungua leso, akavaa kimoja.

Mimi sikujua. Nilichojua ni maumivu makali mbavuni, upande wa kushoto, pale pale pa siku zote.

"Nyamaza," alisema. "Nataka kumsikia mwenye gita."

Nikanyamaza. Nilifungua mdomo na kuufunga kama nilivyofundishwa, maneno yasitoke, na machozi yakanishuka mbele ya wacheza kamari wote.