Aliyemfuta Kipa wa Désiré

Aliyeifuta timu ya marehemu Désiré ni mpwa wangu Olivier, mwana wa dada yangu mdogo. Haikufutwa na radi, wala na umeme wa mji wetu wa Kamembe ambao hukatika utakavyo, wala na uzee wa mashine. Nalitanguliza hili, Mwanangu, kwa kuwa tangu jana nasikia vijana nyumbani kwangu wakisema kwamba timu “imepotea,” kana kwamba ilivaa viatu ikaondoka yenyewe.

Mimi ni mstaafu. Maisha yangu ya kazi yalipita katika ofisi ya état civil, nikiandikisha waliozaliwa, waliooana na waliofariki. Nje ya ofisi nina pendo moja ambalo wenzangu wa rika hulicheka: nakusanya mashine za michezo ya video. Nyingine nimezipata kwa akina mama wachuuzi wanaovuka mpaka kutoka Bukavu. Moja niliikomboa Bugarama kwa mlinzi wa kinu cha mpunga, na nilipoifungua ilitema pumba kama kuku aliyepasuliwa firigisi. Wageni huniuliza zina thamani gani. Huwajibu kwamba plastiki ni plastiki. Kinachonifanya nizipanguse vumbi kila Jumamosi ni yule aliyecheza, na alama aliyoiacha ndani.

Désiré alikuwa mdogo wangu kazini. Jumapili baada ya misa alikuwa akija kwangu kucheza mpira wa miguu katika mashine moja nyeusi, ambayo huhifadhi kazi ya mchezaji katika kadi ndogo isiyozidi kidole gumba. Timu za wazungu hazikumpendeza. Aliunda yake, akaiita Nyakarenzo, kwao alikozaliwa, na kila mchezaji akampa jina la mtu wa kijijini. Katekista alimfanya mshambuliaji mwenye nywele za rangi ya chungwa. Jirani yao mnene alimweka winga, eti apungue. Golini alimweka mama yake mzazi, Maman Consolata, mrefu kupita wote, na glavu nyekundu.

Homa ilimchukua Désiré akiwa bado kijana. Timu ikabaki katika kadi. Tangu hapo, afya inapomruhusu, Maman Consolata huja Kamembe kwa pikipiki, huketi katika kiti changu, nami huwasha mashine tukacheza na Nyakarenzo.

“Huyu kipa wenu analala!” hulalamika.

“Ni wewe, Maman.”

“Mimi? Basi banipe chai niamuke! Wee Katekista, rudi nyuma, uko nafanya nini kule mbele peke yako?”

Hucheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha, kabla ya kuondoka, huomba aonyeshwe orodha ya wachezaji, huisoma polepole kwa kidole, na husema neno lile lile: “Alinipa glavu, mwanangu. Aliona mikono yangu inauma na baridi ya shamba.” Mwanangu, mama huyu ana picha moja tu ya mwanawe, nayo imeliwa na unyevu. Timu hiyo ndiyo mahali pekee ambapo mzaha wa Désiré bado unamchekesha.

Jana Olivier alinialika sebuleni kwangu mwenyewe, mbele ya vijana wanaokuja kucheza, uso ukimng’aa. “Surprise, Tonton!” Akawasha ile mashine nyeusi. Timu zilikuwa za msimu huu, amezipakia upya kadini: nyota wa leo, jezi za leo. Nikamwomba afungue Nyakarenzo. Mahali pake palikuwa na klabu ya Ulaya, na golini alisimama kijana mwenye michoro shingoni.

“Olivier, kadi uliifanya nini?”

“Ilikuwa imejaa bintu bya zamani, Tonton. Batu bote beko banacheza équipes za sasa. Nilitaka kukufurahisha.”

“Mashine haikukuuliza?”

“Iliuliza kama niandike juu ya ile ya zamani.” Akainamisha kichwa. “Sikusoma muzuri. Nilibonyeza tu.”

Nakala haipo. Wahenga walitukataza kutupa mbachao kwa msala upitao; huyu hakuutupa tu, aliutandikia msala juu yake mpaka ukasagika. Hata hivyo nakiri kwamba hilo lingeweza kusameheka kabla ya jioni, kwa maana alitenda kwa pendo, na pendo la kijana mara nyingi hutangulia macho. Kilichoniuma kweli kilikuja baadaye.

“Haina shida, Mzee,” alisema mmoja wa rafiki zake. “Majina unayakumbuka. Tunaandika tena, tunamutafutia glavu nyekundu, basi. Maman anakuja Jumapili, hatajua kitu.”

“Macho yake yenyewe ni ya zamani kuliko mashine,” mwingine akaongeza, wakacheka.

Nikamtazama Olivier, nikingoja awakemee. Olivier alikuwa tayari ameshika maneti ya kuongozea mchezo, anatafuta rangi nyekundu.

Mwanangu, katika ofisi yetu cheti kikiteketea hatukukaa chini kukitunga upya kwa kumbukumbu za karani. Tuliita mashahidi, tukaandika kingine, na pembeni tukasema wazi kwamba hiki kimeandikwa upya baada ya cha kwanza kuharibika. Cheti hicho kilikuwa na heshima yake. Kile kilichojifanya cha kwanza kilikuwa uongo wenye muhuri. Je, mama asome jina lake kwa kidole, aamini ni mkono wa mwanawe, kumbe ni wa Olivier aliyeogopa kuaibika? Huko ni kumfanya marehemu aseme asichosema.

Nakumbuka mchana mmoja wa ujana wangu, Bukavu, katika chumba cha Mzee Bisimwa. Alikuwa na mashine moja tu ya mchezo na televisheni moja, nasi tulijipanga ukutani kungoja zamu. Mashine za wakati ule zilisahau kila kitu zilipozimwa, kwa hiyo Mzee alitundika ubao, na aliyeshinda wote aliandikwa hapo kwa chaki. Kwa muda mrefu jina lililokaa juu lilikuwa la msichana, Furaha, muuza maandazi, na wavulana tulilitazama kama mwiba. Sheria ya chumba ilikuwa kwamba jina haliondolewi ila na aliyelishinda, mwenyewe akiwapo.

Siku hiyo tulikuta ubao mtupu, na jina la Fidèle, mwana wa fundi cherehani, likiwa peke yake juu.

“Mvua iliingia, Mzee,” Fidèle akaeleza. “Ilifuta yote. Basi nikaandika langu.”

Mzee Bisimwa aliugusa ubao, akauona mkavu. Kisha akakitazama kiwiko cha shati la buluu la Fidèle, kilichojaa unga wa chaki.

“Hii mvua yako,” akasema, “inavaa shati ya bleu?”

Chumba kizima kiliangua kicheko. Mzee hakucheka. Aliizima mashine. “Kufuta, hata kuku anafuta na mukia. Kusema ‘nilifuta’ njo kazi ya muntu muzima. Wende kwa Furaha, umwambie na kinywa yako. Nitawasha ukirudi naye.”

Tulinung’unika, tukakaa mbele ya kioo cheusi. Hatimaye Fidèle akarudi, na nyuma yake Furaha, beseni kichwani.

“Eh, Fidèle! Jina langu linakutisha hata likiwa la chaki?” Akamtwika beseni, akaliandika jina lake upya, kubwa kuliko kwanza. Fidèle alisimama na maandazi kichwani, akichekwa na kila mtu, naye mwishowe akacheka pia. Aibu yake haikuvuka jioni ile. Ile mvua ya uongo, kama angeachiwa, ingemnyeshea mpaka uzeeni.

Basi sikia nasaha yangu, wewe unayependa michezo na unayetaka kukusanya. Nunua mashine ukiweza. Ukikosa, cheza ya rafiki. Lakini kabla ya kubonyeza “ndiyo,” soma unachoulizwa, na umuulize mwenye kazi iliyomo. Akiwa amefariki, waulize waliobaki naye. Ukishaharibu, usitengeneze kingine ukakiita kile kile. Kupotea njia ndiyo kujua njia, ila kwa yule anayekubali kwamba amepotea. Njia ya mwongo ni fupi, na yule anayeipita mbele ya mama aliyefiwa ataikuta fupi zaidi. Mungu akujalie mkono mwepesi wa kutengeneza na mzito wa kufuta, na akupe watu wa kukuchekesha hata baada ya safari yao.

Nawe Olivier, nakuandikia kwa jina lako. Maman Consolata anakuja Jumapili. Nakutaka upande hadi kijijini kwake Nyakarenzo kabla ya siku hiyo, wewe mwenyewe, bila mjumbe na bila simu, umwambie: “Maman, timu ya Désiré niliifuta mimi.” Ukae mpaka amalize kulia, au kukutukana, au kunyamaza. Ukamuulize kama anataka iandikwe nyingine. Akikubali, itaandikwa yeye akiwa ameketi hapa, akichagua kila jina na kila rangi, na itaitwa Nyakarenzo ya Pili. Akikataa, kadi itabaki ilivyo, nawe utaniambia mbele ya rafiki zako wale wale waliocheka ni neno gani alilokujibu. Mimi sitakwenda kwa niaba yako, na mashine nyeusi haitawashwa kwa yeyote mpaka uniletee jibu la Maman.