Mbuzi wa Kufungua Benki

Mhariri wa gazeti amenitumia watu mara tatu nieleze habari ya benki ya wakati wa Mjerumani, kana kwamba mimi ndiye niliyemla yule mbuzi. Haya, sikilizeni.

Mzee mmoja wa kwetu Meru, mvaa kofia ya kizungu, alitaka kuanzisha benki ya wakulima. Akamchukua mbuzi pekee wa mama yangu, mjane, akawachinjia wageni wa ufunguzi. "Benki ikifunguliwa, mama, itakulipa." Sanduku la chuma la kuwekea fedha likaja kutoka Tanga bila ufunguo, likawekwa bomani. Miezi ikapita sanduku halijafunguka, mbuzi akasahauliwa na wote isipokuwa mama.

Akanikokota hadi bomani kushtaki. Karani akasoma sheria, kidole kikitambaa juu ya karatasi: "Gharama za kuanzisha benki hulipwa na benki. Isipofunguliwa, hulipwa na mwanzilishi."

Mzee akakohoa. "Lakini imefunguliwa, bwana karani. Watu walikula na vigelegele vikapigwa."

Mama akaligonga lile sanduku kwa kifundo cha kidole. "Kama imefunguliwa, baba, ingiza mkono unitolee mbuzi wangu. Alikuwa na mimba."

Karani akaficha mdomo nyuma ya sheria.

Siku hizi mnafungua vyama kwa pilau. Mimi huuliza kwanza ufunguo anao nani.

Mbuzi wetu alikuwa tasa, ila hilo hakuna aliyeuliza. Mzee alilipa jike mwenye mimba, akamvuta kwa kamba mwenyewe katikati ya soko, kofia kichwani.